Amani "ipitayo akili zote" mnaipataje saa tisa usiku?

Mama wa Belo
Jumapili, saa 5:40 usiku

Bwana Yesu asifiwe. Na wasio wa imani hii, habari za Jumapili.

Niko Moshi, Pasua, mama wa watoto wawili. Nauza mitumba soko la Memorial, siku nyingine napandisha mzigo soko la Kiboriloni. Ni msharika wa KKKT, Kanisa la Kilutheri, tangu nikiwa mchanga, kwaya ya kina mama niko sauti ya pili, jumuiya sikosi, bahasha ya ahadi narudisha hata kama ni kwa kuchelewa. Nayasema haya mapema ili mtu asianze kwa kuniuliza kama nimeokoka.

Swali langu linatokana na Wafilipi 4:7, ule mstari wa amani ya Mungu ipitayo akili zote. Niliukariri wakati wa kipaimara, naweza kuusema huku namsuka mtu nywele. Lakini wiki ya sita sasa, ikifika saa tisa usiku naamka. Hakuna kengele, hakuna mbwa aliyebweka. Moyo unatwanga, viganja vimelowa, na kabla sijajua niko wapi nimeshaanza kuhesabu: Jumatatu laki na kumi, Ijumaa elfu sitini, mchango wa shule, gesi. Natoka sebuleni kwa kunyata watoto wasiamke, napiga magoti kwenye kochi, nasali. Nasali kweli, si kwa kudonoadonoa. Nikisema amina tu, hesabu inaendelea pale pale ilipoishia, kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni inanisubiri nimalize.

Kinachoniumiza zaidi ni mstari unaotangulia: "Msijisumbue kwa neno lo lote." Mimi najisumbua kwa kila neno. Kwa hiyo juu ya deni nimejiongezea aibu ya kuwa Mkristo asiyelala.

Chanzo ni hiki. Mwanzoni mwa mwezi wa tano nilichukua mkopo wa kikundi, hii tunayoiita kausha damu. Milioni moja, marejesho 110,000 kila Jumatatu kwa wiki 12. Pigeni wenyewe. Nilijua baridi ya Juni na Julai inakuja, nikanunua belo la masweta ya watoto, kilo 45, kwa 720,000. Asiyewahi kufungua belo haijui ile dakika. Unakata mikanda kwa kisu, nailoni inapasuka, mzigo unavimba wenyewe kama unga uliotiwa hamira, harufu ya dawa inakupanda puani. Kina mama wamekuzunguka, kila mmoja kashaweka mkono tayari. Juu kabisa kulikuwa na sweta la bluu lenye sungura kifuani, halina hata doa. Nikasema asante Yesu kwa sauti. Chini yake masweta mengine kumi na tatu, mawili yametobolewa na nondo, na kuanzia hapo kwenda chini ni suruali nene za watu wazima, zile za Wazungu za kuchezea kwenye theluji, zina mikanda ya mabegani na zipu mpaka magotini. Thelathini na nane. Moshi kuna baridi, lakini si ya kuvaa godoro.

Niliyenunua kwake alininyooshea kidole ukutani, pameandikwa mzigo ukishatoka haurudi.

Rejesho la nne likanishinda, wanakikundi wakanilipia, na mnajua kulipiwa kukoje: unasalimiwa nusu. Nikakopa laki nne mahali pengine ili niendeshe ule wa kwanza. Huo ndio wa Ijumaa. Mume wangu ni fundi ujenzi, yuko saiti Njiro kule Arusha, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi, na kazi yenyewe siku hizi ni leo ipo kesho saruji imeisha.

Leo mchungaji kahubiri Marko 4, Yesu amelala chomboni juu ya mto na mawimbi yanaingia. Nikawaza, huyu kalala kwenye dhoruba, mimi nina kitanda cha mninga na nyumba haina hata wimbi. Ibada ikaisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, nikapandisha dau la mkungu wa ndizi mpaka elfu kumi na nne kwa sababu mama fulani alikuwa ananitazama. Elfu kumi na nne ya kausha damu. Ndizi ziko jikoni hapa, naziona ninapoandika.

Kesho ni Jumatatu. Nyie mnaoipata hiyo amani, mnaipataje? Tafadhali msiniambie "omba sana". Nataka mtu aniambie kwake ilikuwaje.

Mlinzi wa Zamu ya Nne
Jumapili, saa 5:58 usiku

Mama, saa tisa si saa ya bure, ni saa ya madhabahu za giza. Kuna mtu soko hilo hilo amekufunga. Funga siku tatu kavu, usile usinywe, vunja madhabahu kwa jina la Yesu, utaona belo linalofuata.

Hesabu Hazidanganyi
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mimi si mtu wa kanisa, nitasema kwa adabu. Mstari haulipi rejesho. Ukifunga siku tatu kavu utakuwa na deni lile lile na vidonda vya tumbo. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, nenda kwa afisa mikopo kabla hajaja kwako, omba kupangiwa upya. Wengi wanaogopa kuuliza ndiyo maana hawapewi. Na usichukue mkopo wa tatu hata ukiletewa na malaika.

[Ujumbe umefutwa na msimamizi: tangazo la mkopo wa haraka.]

Mama wa Belo
Jumatatu, saa 12:31 asubuhi

Hilo tangazo nimeliona kabla halijafutwa. "Mpendwa katika Bwana, pata hadi milioni tano ndani ya dakika kumi." Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mtoto kaja kuniangalia. Asante msimamizi.

Nesi wa Usiku
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Pole sana dada. Ndiyo natoka zamu, kwa hiyo hiyo saa tisa yako mimi naijua, ni saa ambayo wodi nzima inakuwa kimya na anayeumwa anaona ndiye peke yake duniani.

Nianze na mwili, maana kanisani tunaurukaga. Kapime presha, kapime wingi wa damu, na mwambie daktari akuangalie na tezi ya shingoni. Upungufu wa damu unaweza kuufanya moyo udunde hivyo. Tezi ikizidisha kazi inaleta jasho, mapigo ya mbio na kukosa usingizi, na mtu anadhani ni hofu tu. Nina mama mmoja alikemewa mapepo mwaka mzima, kumbe tezi. Kama vipimo vyote viko sawa, waambie wazi kwamba hulali, kuna wanaoshughulika na afya ya akili, wala hutapewa jina la wazimu. Na ikifika mahali unawaza afadhali usiwepo, usisubiri asubuhi, amsha mtu twende.

Kuhusu kumeza dawa na kuwa na imani: Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia tumbo lako limekosa imani.

Chai ya rangi acha baada ya saa nane mchana, na kahawa vilevile, najua unaishi chini ya mlima wa kahawa lakini acha. Ukiamka usitazame simu kuona ni saa ngapi, ukishaona ni saa tisa umejithibitishia. Pumua ukitoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Mimi natumia Zaburi 4:8 nikirudi nyumbani asubuhi na jua kali dirishani: navuta pumzi kwa "katika amani", natoa kwa "nitajilaza". Sifiki mbali. Kuna siku nafika mara nane, kuna siku mara mia.

Rozari Mfukoni
Jumatatu, saa 4:05 asubuhi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, nafanya kazi mjini. Saa ya chakula cha mchana huwa naingia kanisa la Kristo Mfalme, nakaa benchi la nyuma. Zamani niliingia na orodha. Sasa siombi kitu, nakaa tu robo saa, natoka. Usiku nashika rozari, sijawahi kumaliza fumbo la pili. Marehemu bibi alisema ukilala katikati malaika wako anamalizia. Sijui padre angesemaje, sijamuuliza makusudi.

Mgumu wa Marangu
Jumatatu, saa 8:50 mchana

Dada yangu shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo.

Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, mwaka wa tisa huu. Nimesoma swali lako nikiwa getini tunasubiri kupima. Mizigo inapimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20 za mgeni, ikizidi inapunguzwa anapewa mwenzako. Sasa nisikilize kitu kimoja. Wewe umeshika Wafilipi. Shika na 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Watu wa mjini wanalisoma hilo neno wanalipita. Sisi tunaliishi. Kutwika si kumwonyesha mtu mzigo. Ukinionyesha mzigo wako ukiwa bado uko kichwani kwako, umenipa habari tu. Ili unitwike lazima kwanza uutue, uukalishe chini, mimi niinamie, wewe unyanyue upande wako, nami wangu, tuupandishe. Hapo shingo yako inabaki inawayawaya kama ya kuku kwa muda, hujazoea wepesi.

Mimi niliposali miaka ile baba anaumwa, nilikuwa namwonyesha Mungu. "Unaona hii? Unaona na hii?" Kisha nabeba narudi nao kulala. Nilikuja kujua siku niliyoanguka nikishuka kutoka kambi ya Barafu, goti limekataa, na mimi kwa ubishi sikutaka kumpa mtu begi. Kiongozi wetu hakunihubiria. Alikaa juu ya jiwe mbele yangu akasema, "Sisogei mpaka ulitue." Tumekaa pale upepo unatupiga kama dakika ishirini. Nilipolitua nililia kama mtoto na mzigo wenyewe ulikuwa mahema ya watu.

Halafu, biashara. Hizo suruali za theluji unazoziita hasara, UNA WAZIMU? Msimu umeshaanza, usiku kambini maji yanaganda kwenye ndoo, na vijana wapya wanapanda na jinzi. Tunakuja mjini kuzitafuta na tukizipata tunauziwa bei ya mgeni. Nashuka kesho kutwa. Niambie uko meza gani.

Mama wa Belo
Jumatatu, saa 12:10 jioni

Mgumu, mambo poa, nimekuzidi kidogo. Kutoka upande wa stendi, mstari wa tatu, mwavuli mwekundu uliopasuka. Uliza mama wa masweta, wananicheka kwa jina hilo.

Nesi, nitakwenda kupima, asante. Sikuwahi kufikiria tezi.

Rejesho la leo lilikuwa hivi. Nilikuwa na 70,000. Pale kwa mwenyekiti tunakaa kwenye viti vya plastiki na hakuna anayeondoka mpaka hesabu ya kikundi itimie, hata kama una mtoto anaumwa. Huwa nasema uongo: nimetuma mtu, M-Pesa inasumbua. Leo nikasimama nikasema sina, nina sabini, belo liliharibika. Mmoja akaguna, mmoja akasema si useme mapema. Kisha aliyeguna ndiye aliyetoa arobaini. Kazitoa kwa maneno, lakini kazitoa.

Mjukuu wa Bibi Machame
Jumanne, saa 2:30 usiku

Habari zenu. Nimemsomea bibi yangu mada hii yote, ana miaka 81, macho hayaoni vizuri lakini masikio ni ya paka. Amesema niandike anavyosema nisibadilishe. Naandika.

"Mwanangu mwuza nguo, Ruwa (Mungu) akubariki. Huyo anayekwambia usile siku tatu mwambie bibi wa Machame amekataa. Eliya alipochoka akaomba afe, akalala chini ya mretemu, malaika hakumletea semina. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamwambia ainuke ale. Akamwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Angekuwa malaika wa huku angemletea mtori. Hizo ndizi ulizonunua kwa majivuno zipike, weka na nyama hata ya mfupa, kula. Usizitazame tu.

"Sasa nikwambie la mama yangu. Injili ililetwa hapa Machame na wamisionari wa Leipzig, Wajerumani, mwaka 1893, kwa hiyo mimi nilizaliwa kanisa lipo na kengele ipo. Lakini kuwa na kanisa ni kitu kimoja. Kahawa ilikuwa ya wanaume, unajua. Mwanamke anapalilia, anachuma, anamenya, anaanika, akishaipeleka chamani, chama cha ushirika, pesa ni ya baba. Sisi za kwetu ni ndizi. Mama yangu mwaka mmoja akawa anachota kahawa kidogo kidogo usiku, anaiuza kwa mtu kwa mlango wa nyuma, pesa anazificha kwenye chungu chini ya majivu. Si mwizi, alitaka kaka yangu asome. Akaacha kulala. Nikiwa mdogo namkumbuka amekaa jikoni karibu na figa, moto umezimika, macho wazi. Kila siku anasali.

"Ule uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukapitia Bukoba ulikuwa umeshafika mpaka huku mlimani. Wale ndugu walikuwa na neno lao, kutembea nuruni. Maana yake unasema. Hufumbi. Mama akaenda kwenye ule ushirika, akasimama, wakamwimbia. Mzee mmoja akamwambia, dada, sisi umetuambia, lakini kahawa ilikuwa yetu? Akarudi nyumbani na miguu yake, akakitoa chungu, akakiweka mbele ya baba. Nilikuwa nyuma ya mlango. Baba hakumpiga, lakini hakula chakula chake siku nne, na kwetu mume asipokula chakula chako wote wanajua. Mama alilala. Siku hizo nne baba amenuna, mama anakoroma. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

"Mwanangu, nimesikiliza barua yako yote. Mara mbili nimemwambia huyu mjukuu asome tena. Umetaja kikundi, umetaja mchungaji, umetaja na ndizi. Mume wako umesema anarudi Jumamosi. Hukusema kama anajua."

Hapo ameomba maji, kisha akasema imetosha, tuma.

Hesabu Hazidanganyi
Jumanne, saa 2:47 usiku

Bibi kanipita. Mimi ninayejisifu kusoma takwimu nimesoma mara mbili na sikuona.

Mama wa Belo
Jumatano, saa 9:20 usiku

Hajui.

Mama wa Belo
Jumatano, saa 9:40 usiku

Shikamoo bibi. Naandika saa tisa kama mnavyoona.

Mume wangu anadhani lile belo nilinunua kwa akiba. Nilimwambia liliuzika vizuri. Alifurahi, akasema mke wangu ana mkono wa biashara, akawasimulia mafundi wenzake. Kila nikipiga magoti kwenye kochi kuna sehemu ya maombi naipita pembeni kama mtu anayepita mbwa amelala. Namwambia Mungu nisaidie nilipe kabla hajajua. Yaani nilikuwa naomba Mungu anisaidie kuficha.

Mtori nimepika. Watoto wamekula mpaka wamelamba mwiko.

Nesi wa Usiku
Jumatano, saa 10:05 alfajiri

Niko zamu. Niko macho na wewe. Huhitaji kujibu.

Mlinzi wa Zamu ya Nne
Jumatano, saa 1:00 asubuhi

Mama, ile ya kufunga kavu naiondoa. Nimeongea haraka. Nitakuombea tu.

Mgumu wa Marangu
Alhamisi, saa 11:30 jioni

Wadau, jana nimefika kwenye mwavuli mwekundu. Ni kweli umepasuka. Tulikuwa watatu, tumechukua suruali tisa kwa elfu kumi na mbili kila moja, na huyu mama alitaka kutuuzia kwa elfu saba, nikamwambia mama acha, hapa unaharibu soko. Kesho kuna kundi lingine linashuka nimewaelekeza. Juu ya yale mengine sikumuuliza kitu, tulikuwa mbele za watu.

Mama wa Belo
Jumatatu, saa 3:15 usiku

Narudi kama nilivyoahidi, ingawa naona sikuahidi. Narudi tu.

Nimepima. Presha ipo juu kidogo, damu iko chini, nimepewa vidonge vya kuongeza damu, tezi nasubiri majibu. Nesi, ubarikiwe.

Jumamosi mume wangu, Baba Glory, alifika saa kumi na moja jioni na nusu kilo ya nyama. Nikamwacha aoge, ale. Watoto nikawapeleka kwa jirani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Alhamisi, yenye utangulizi, yenye mstari. Yote yakapotea. Nikaweka daftari la madeni mezani nikasema, "Baba Glory, masweta hayakuuzika. Nilikopa. Nimekudanganya tangu mwezi wa tano."

Alikuwa na futi yake ya kupimia mkononi, ile ya chuma inayojikunja. Akawa anaivuta kidogo, anaiachia, inarudi ndani, krap. Anaivuta, krap. Mimi naongea na ile futi inanijibu. Nikasoma yote: mkopo wa kwanza umebaki 550,000, wa pili 360,000, wanakikundi wananidai, duka la Mangi 45,000. Nikamaliza. Akauliza, "Hiyo ndiyo yote?" Nikasema ndiyo, kisha nikakumbuka elfu kumi na nne ya mkungu, nikamwambia na hiyo. Sijui kwa nini. Hapo ndipo futi iliponyamaza.

Akavaa viatu akatoka. Bibi, nilisema hizi ndizo zile siku nne. Saa nne kasoro akarudi, ananukia moshi wa kuni, alikuwa amekaa na mlinzi wa jengo la jirani. Akakaa pembeni ya kitanda. Akasema, "Kumbe kila Jumatatu ulikuwa unaenda kukaa kwenye vile viti peke yako." Halafu akasema nimemfanya mjinga mbele ya mafundi wenzake, na hilo ni kweli, sikulijibu. Akalala amenipa mgongo.

Nilijua sitalala. Nilifumbua macho jua liko kwenye pazia, saa moja na robo, shuka limenichora shavuni. Ibada ya kwanza ilinipita na sauti ya pili walikuwa na mtu mmoja pungufu.

Msidhani imeisha. Jana usiku, Jumapili, saa tisa ikanitoa tena kama kawaida. Moyo ule ule. Nikajaribu "katika amani" ya Nesi, nikafika mara nne, nikasikia mtu ananong'ona gizani, "Na wewe?" Kumbe yuko macho. Akasema amekuwa akihesabu tangu saa saba, kwamba saiti wakimlipa mwisho wa mwezi tunafuta ule wa Ijumaa kwanza kwa sababu ndio wenye riba mbaya. Sikuwa na cha kuongeza. Hesabu ilikuwa kwake.

Si mtu wa kusali kwa sauti, hata mezani huniachia mimi. Jana akaanza mwenyewe Baba Yetu. Akaenda taratibu, akafika "utupe leo riziki yetu", akanyamaza. Nikadhani amesahau kinachofuata, nikasubiri. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Nikamalizia mimi kimya kimya, nikamkumbuka yule bibi wa Kibosho na malaika wake.

Leo alfajiri ameondoka na basi la Arusha. Ameniaga vizuri kiasi, bado hajacheka. Daftari ameondoka nalo.

Mgumu, zimebaki kumi na nane, zote saizi kubwa. Kesho niko Memorial mpaka saa kumi na moja. Mwavuli nimeushona.